Njia ya baiskeli si maegesho

Mhariri,

Kila siku naendesha baiskeli kutoka Ubungo hadi Kariakoo. Pembeni mwa Barabara ya Morogoro, yanakopita mabasi ya mwendokasi tangu 2016, kuna njia ya baiskeli. Ipo, lakini jana nilishuka na kuikokota baiskeli mara nne: bodaboda zimepaki, meza ya mihogo ya kukaanga, gari la mtu "anayesubiri chenji tu".

Wahusika wa barabara, msitutangazie faida za mazoezi, tunazijua. Wekeni nguzo za zege magari yasipande, bodaboda watengewe maegesho yao, na vituoni pawe na vyuma vya kufungia baiskeli, penye mlinzi. Yangu ya kwanza iliibwa nikiwa dukani nanunua tairi yake! Binti yangu anataka tuongozane kwenda shule. Nimemkatalia.

Mwendesha baiskeli,
Ubungo, Dar es Salaam