Barua kwa mwanangu: Usisogee

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Habari ya safari yako ya Goma, huko Kongo, kwenda kupiga picha za vita, nimeipata kwa mkeo, si kwako. Baba yako ulimwambia tangu wiki iliyopita, naye akakaa nayo kifuani utadhani mimi ni mpangaji humu ndani. Haya. Hayo tutayazungumza ukirudi.

Sikuandikii kukuzuia. Umri wa kukuzuia umepita, na ile ya Jangwani inanitosha, sitaitaja. Nakuandikia neno moja tu: usisogee. Kamera yako ina zumu, ulinionyesha mwenyewe pale barazani, ukamvuta kunguru wa juu ya mnazi wa jirani mpaka nikaliona jicho lake. Basi itumie hiyo.

Najua utanijibu kwa Mo Amin, yule mpiga picha wa habari. Ndiyo ngao yenu, wewe na baba yako. Mwenzangu hadithi huianzia hapahapa Dar, kwamba Mo alikulia mjini kwetu, akafungua Camerapix, kampuni yake ya picha, mwaka 1963 akiwa kijana mdogo kabisa. Kisha hukimbilia Oktoba 1984, Korem, Ethiopia: Mo ameshika kamera, Michael Buerk wa BBC anasimulia, dunia ikaiona njaa kwa macho yake, pesa zikachangwa, na mwaka uliofuata wanamuziki wakaimba London na Philadelphia. Hapo baba yako hunyamaza, machozi yanamlenga, anaomba chai. Mimi sikatai. Picha zile zilinusuru roho za watu. Lakini hadithi haiishii Korem, na kwa kuwa yeye kila siku huikatisha hapo, ngoja niimalize mimi.

Juni 1991, Addis Ababa, ghala la silaha lilikuwa linalipuka. Mo na wenzake wakaenda kupiga picha. Ukaja mlipuko mwingine. Mo alipoteza mkono wa kushoto, na John Mathai, aliyekuwa akichukua sauti, aliuawa. Mnapohadithiana, Mathai mnamtaja? Sijawahi kusikia. Nawe una yule kijana mwembamba anayekushikia maikrofoni, aliyekula pilau kwangu Idi. Naye ana mama. Ukisogea wewe, naye anasogea, maana waya ni mmoja.

Mo akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Watu wanalisifu sana hilo. Nami nalisifu, ila kila nikilisikia namuwaza mkewe.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis kuja Nairobi, yaani anarudi nyumbani. Ikatekwa. Watekaji wanataka Australia, mafuta hayafiki, mwisho ikaangukia baharini, karibu na ufuko wa Ngazidja kule Komoro. Watu 175 walikuwemo, wakafa 125, Mo akiwa mmoja wao. Alikuwa na miaka 53. Inasimuliwa kwamba dakika za mwisho alikuwa amesimama, anasemezana na watekaji. Unaona? Hata pale hakukaa.

Waliomjua wanasema alikuwa mtu wa familia. Naamini, mimi sina sababu ya kubisha. Lakini mtu wa familia naye huitwa usiku, akaenda. Salim, mwanawe, ndiye aliyebaki na Camerapix, kijana tu, na miaka ya baadaye akatengeneza filamu juu ya baba yake. Baba yako aliniambia hilo kwa furaha, kwamba kazi haikufa. Mimi nikamkumbuka mjukuu wangu. Sitaki akujue kwa kutazama kanda.

Usinione adui wa kazi yako. Jina lako likipita mwisho wa taarifa ya habari naita mpaka muuza maji aje aone. Na pesa ya kamera ya kwanza ilitoka kwenye upatu wangu, zamu yangu ilipofika, baba yako akiwa bado anasema tungoje. Kwa hiyo hapa nani alimtuma nani, wala usinijibu.

Ile fulana ya kuzuia risasi uivae hata joto likizidi, si kuikalia garini. Muwe mnakula. Betri mnazichaji usiku kucha, matumbo yenu mnayalaza hivyohivyo. Na mkisikia mlio, msimame mlipo, picha ya mbali ni picha pia. Mkubwa wako wa kazi akisema haitoshi, mwambie mama yangu amekataa. Acha acheke.

Huku bati la jikoni limeanza tena kuvuja, upande wa karo. Fundi ametaka hela ya misumari, nimempa, tangu juzi hajaonekana. Mdogo wako bado anadaiwa mchango wa shule, ulisema utalimaliza hilo kabla ya kuondoka. Mkeo nimemwambia aje akae huku na mtoto mpaka utakaporudi, amekubali. Chumbani kwako nimetoa yale masanduku ya kanda za harusi za baba yako, nimeyapeleka stoo, juu ya mbao yasipate unyevu. Amenuna tangu asubuhi, yatamwisha.

Nipigie kabla hamjavuka mpaka, hata ikiwa usiku wa manane, simu nalala nayo. Nimekutumia elfu ishirini ya njiani. Baba yako usimwambie, ni ya bati ile.

Mama yako