Kampuni imeuzwa Sh bilioni 8; mwenyewe kaondoka na ngapi?

Ndugu Mhariri,

Kurasa zenu za biashara zinapotangaza kuuzwa kwa kampuni, tarakimu inayopewa wino mzito ni moja tu: bei. Wasomaji wenye viwanda, mabasi, shule na maduka ya dawa huisoma na kuanza kujipigia hesabu zao. Siku mnunuzi anapobisha hodi, wanabishania bei wiki tatu, wanaishikilia, wanasaini, halafu kinachoingia benki ni nusu yake. Hakuna aliyewaibia. Bei waliipatana, maana ya bei hawakuipatana.

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Mwaka 2015 Millicom, wenye Tigo wakati huo, walikubali kununua asilimia 85 ya Zantel kutoka Etisalat kwa dola moja ya Marekani. Ukiisoma hivyo unaweza kudhani mpiga chapa kasahau sifuri. Lakini pamoja na dola hiyo, mnunuzi alijitwika madeni ya dola milioni 74. Zote mbili ni bei halali: moja ni ya biashara pamoja na mzigo wake, nyingine ni ya hisa baada ya kuutoa mzigo. Kampuni ikiwa soko la hisa utata huu haumsumbui mwanahisa wa kawaida. Amsons ya Tanzania ilipoinunua Bamburi ya Kenya mwaka 2024 kwa Sh65 za Kenya kwa hisa, kila mtu alizidisha tu kwa idadi ya hisa zake. Kampuni ya familia haina raha hiyo.

Tuchukue kiwanda cha sembe cha kubuni, tukiweke Morogoro. Vitabu vinaonyesha faida ya mwaka kabla ya riba, kodi na uchakavu kuwa Sh bilioni 1.6. Mnunuzi anasema atalipa mara tano ya faida hiyo, kwa masharti kwamba kampuni ikabidhiwe bila deni na bila fedha taslimu. Mwenye kiwanda anasikia bilioni 8. Maneno mengine yanampita juu ya kichwa.

Kwanza wahasibu wa mnunuzi wanaisafisha faida. Mwenye kiwanda hajilipi mshahara, na meneja wa kuajiriwa atataka milioni 10 kwa mwezi: toa milioni 120. Ghala ni lake binafsi na kampuni hailipi kodi ya pango. Kwa bei ya mtaa ni milioni 5 kwa mwezi: toa 60. Ndani ya faida mmejificha milioni 80 za lori bovu lililouzwa, na lori haliuzwi kila mwaka: toa 80. Upande wa pili, ada za watoto za milioni 90 zilipitishwa kwenye vitabu kama gharama za ofisi. Mnunuzi hatakuwa na watoto hao, basi rudisha 90. Tumebaki na bilioni 1.43. Mara tano ni bilioni 7.15. Kila milioni moja inayobishaniwa hapa ina uzito wa milioni tano, kwa hiyo meza hii haifai kuachiwa kijana wa hesabu peke yake.

Zile ada zina mkia. Anayezirudisha kwenye faida amekiri kwamba zilipunguza kodi isivyo halali. Asilimia 30 ya milioni 90 ni milioni 27 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 81, kabla ya riba na adhabu. Mnunuzi atazikubali kwa tabasamu, kisha aombe kinga ya kodi (ahadi kwamba kodi ya zamani ikidaiwa, muuzaji ndiye atailipa) na kuzuia sehemu ya fedha mpaka muda wa hatari upite. Sisemi zifichwe. Muuzaji azisahihishe mapema na Mamlaka ya Mapato, mwaka mmoja au miwili kabla ya kuuza, aingie mezani na vitabu safi.

Mnunuzi naye ana haki ya kuchimba. Hewlett-Packard ya Marekani iliinunua Autonomy ya Uingereza mwaka 2011 kwa takriban dola bilioni 11, na Novemba 2012 ikafuta bilioni 8.8 katika vitabu vyake. Kesi iliyofuata London ilionyesha, pamoja na mengine, kwamba mauzo ya vifaa vya kompyuta, tena ya hasara, yalinenepesha mapato ya kampuni iliyojulikana kwa programu. Jumla ya mauzo ilipendeza. Swali lililohitajika lilikuwa mauzo ya nini, kwa nani.

Turudi Morogoro. Linakuja suala la madeni, yaani lile sharti la "bila deni na bila fedha taslimu": madeni yanakatwa kwenye bei, fedha zilizomo zinaongezwa. Mkopo wa benki bilioni 1.9, kodi ya mapato isiyolipwa milioni 210, mkopo wa mkurugenzi milioni 300: hayo hayana ubishi. (Mkopo wa mkurugenzi hukatwa kwenye bei ya hisa, lakini kama aliyekopesha ni muuzaji mwenyewe, ahakikishe mkataba unasema analipwa siku hiyo hiyo.) Fedha taslimu ni milioni 420. Hesabu: 7,150 toa 1,900, toa 210, toa 300, jumlisha 420. Inabaki milioni 5,160.

Baada ya hapo wanapekua mifuko. Milioni 60 kati ya zile 420 zimeshikwa na benki kama dhamana, kwa hiyo hazitumiki. Wateja wamelipia milioni 140 za unga ambao haujapelekwa. Wauzaji wa mahindi wanadai milioni 160 zilizopita siku 90. Mnunuzi ataziita zote tatu deni, zishuke hadi bilioni 4.8. Ana hoja, kwa sababu unga huo ataupeleka yeye kwa gharama yake na mkulima aliyechoka kusubiri atalipwa na yeye. Ila muuzaji awe macho. Zile 140 na 160 kwa kawaida zimekwisha kupunguza mtaji wa kuendeshea biashara, yaani stoo na wadaiwa ukiondoa wanaoidai kampuni, ambao nao hupimwa siku ya kukabidhiana na kulinganishwa na wastani wake. Zikihamishiwa kwenye deni lazima ziondolewe huko, kwenye hesabu ya siku ya kukabidhiana na kwenye wastani pia. Zikibaki pande zote mbili, muuzaji amekatwa mara mbili kwa kosa moja. Kosa hili hukaa kwenye jedwali la kiambatisho, ukurasa ambao wanasheria huupita haraka wakidhani ni wa wahasibu.

Sasa huo mtaji wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapozama. Mnunuzi analipia biashara inayotembea, hivyo anataka akute stoo na wadaiwa wa kutosha kuiendesha, ukiondoa wanaoidai. Mnakubaliana kiwango cha kawaida. Siku ya kukabidhiana kikipungua, pengo linakatwa kwenye bei, kikizidi linaongezwa. Kiwanda cha sembe hununua mahindi Iringa, Rukwa na Ruvuma wakati wa mavuno, kikasaga mwaka mzima. Septemba ghala limejaa na mtaji ni bilioni 1.9. Machi sakafu inaonekana, umebaki milioni 700. Wastani wa miezi 12 ni bilioni 1.2.

Mkikabidhiana Machi kwa kiwango cha wastani, muuzaji anakatwa milioni 500, anabaki na bilioni 4.3. Halalamiki, kwa sababu mahindi yaliyotoka ghalani yamegeuka fedha au yamepunguza mkopo, naye ameshahesabiwa huko. Lakini kama kiwango kilichukuliwa kwenye mizania ya Septemba, atakatwa bilioni 1.2 na kuondoka na 3.6. Milioni 700 zimepotea kwa kuchagua mwezi. Muuzaji adai wastani wa miezi 12 kwa uchache, 24 ikiwezekana, na mnunuzi akikataa, basi kiwango cha mwezi ule ule mtakaokabidhiana.

Na stoo ihesabiwe kwa mzani. Vitabu vingi bado vinahesabu magunia, na sote tunajua gunia la lumbesa halikuwahi kuwa kilo 100. Kuna unyevu pia: mahindi yaliyoingia yakiwa na unyevu wa asilimia 16 na kukauka hadi 13.5, ambacho ndicho kikomo cha kiwango cha Afrika Mashariki, hupoteza karibu asilimia 3 ya uzito. Tani 1,000 kitabuni ni kama tani 971 ghalani, na hakuna aliyeiba hata debe. Bei ya soko ikiwa chini ya bei ya kununulia, stoo inathaminiwa kwa ile ya chini. Waandike yote haya kabla ya siku ya kuhesabu.

Mabishano makubwa baada ya kukabidhiana hutoka kwenye sentensi fupi: hesabu ziandaliwe "kwa utaratibu wa siku zote na kwa viwango vya kimataifa". Vinapogongana je? Kampuni haijawahi kutenga chochote kwa wadaiwa wasiolipa. Mnunuzi akishika vitabu anatenga asilimia 100 ya waliopita siku 90. Wote wawili wana sentensi ya kuegemea. Mkataba upange safu: kwanza kanuni mahususi zilizotajwa kwa namba, kisha utaratibu wa siku zote, viwango vya kimataifa mwisho. Uambatishwe mfano uliojazwa tarakimu za mwezi uliopita, halafu muda: mathalani siku 60 za kuandaa, 30 za kupinga, na mhasibu huru wa kuamua yale tu yaliyobishaniwa.

Asiyetaka pilika hizo atumie njia ya kufunga bei kwa mizania ya tarehe iliyopita, iliyokaguliwa. Hakuna hesabu mpya. Muuzaji anaahidi kwamba tangu tarehe hiyo hakuna gawio, bonasi wala malipo ya ndugu yaliyochomolewa zaidi ya yaliyoorodheshwa.

Yote haya yaingie kwenye barua ya nia, yaani makubaliano ya awali yanayotangulia mkataba, kabla muuzaji hajasaini kifungu cha kutozungumza na wanunuzi wengine kwa siku 60 au 90. Akishakisaini, wengine wametawanyika na wafanyakazi wameanza kunong'ona. Kila maana ya neno itakayojadiliwa baadaye itamwelemea yeye. Na muda nao una bei. Equity ya Kenya ilipokuwa inanunua asilimia 66.5 ya BCDC ya Kongo, walianza na dola milioni 105 mwaka 2019. Ununuzi ulipokamilika Agosti 2020, katikati ya Uviko, ilikuwa milioni 95.

Kodi ina mtego wake. Kwa kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, kampuni yenyewe huhesabiwa kuwa imeuza mali zake kwa bei ya soko. Kiwanja cha zamani kilichoandikwa kwa vijisenti kinazaa faida ya makaratasi, na anayedaiwa ni kampuni ambayo sasa ni ya mnunuzi. Muuzaji naye anatozwa kwa ongezeko la thamani ya hisa zake. Mkataba usiposema nani anabeba ile ya kwanza, itaonekana baadaye kama dai la kinga. Pia kuna Tume ya Ushindani: miungano inayofikia kiwango cha Sh bilioni 3.5, kilichowekwa mwaka 2017, hupelekwa huko kabla ya kukabidhiana.

Malipo ya baadaye yanayotegemea biashara itakavyokwenda nayasema kwa kifupi: yapimwe kwa kitu ambacho mnunuzi hawezi kukichezea kirahisi. Tani zilizosagwa ni bora kuliko faida, kwa sababu faida huliwa na "ada ya usimamizi wa makao makuu". Na yasifungwe kwenye sharti la muuzaji kubaki kazini. Kwa viwango vya kimataifa malipo yanayopotea mtu akiacha kazi ni ujira, si bei, na Mamlaka ya Mapato haitakosa hoja ya kuyatoza kama mshahara.

Wanaotafuta mwekezaji badala ya mnunuzi wana neno lao la kuulizia. "Naweka bilioni 2 kwa thamani ya bilioni 8." Nane kabla ya fedha zangu, au baada? Kabla, anapata 2 kwa 10, asilimia 20. Baada, ni 2 kwa 8, asilimia 25. Kisha waulize kama ana haki ya kurudishiwa fedha kwanza halafu agawane tena kilichobaki. Mwenye asilimia 20 na haki hiyo, kampuni ikiuzwa bilioni 6, anachukua 2, kisha asilimia 20 ya 4 zilizobaki: jumla bilioni 2.8, karibu nusu. Bila ile haki ya kugawana tena angechukua 2 akaishia hapo, na bila haki yoyote angepata 1.2.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkiandika tena kwamba kampuni imeuzwa, tuambieni ni asilimia ngapi ya hisa, madeni yamebebwa na nani, na katika bei hiyo ngapi zinalipwa siku ya kukabidhiana na ngapi zimewekwa kiporo.

Mhasibu,
Ilala, Dar es Salaam