Mumekuja Mombasa kupumzika ama kukimbizana?

Disemba ikikaribia simu zinaanza kwetu sisi wapishi wa kuja majumbani, wengi ni familia za Nairobi, wamekodi nyumba Nyali ama Bamburi, watu kumi na kitu, nyanya yupo, watoto wapo, na wanatutumia ratiba kwa Wasap, jumatatu Fort Jesus asubuhi na Haller Park jioni, jumanne wavuke feri Likoni waende Diani, jumatano Wasini, halafu pale chini kabisa ndo wanauliza "na chakula itakuaje?" Sisi twawaambia anzeni na hapo kwenye chakula, hayo mengine yatajipanga yenyewe.

Manake kila msimu tunaona nyumba za aina mbili. Ya kwanza, mama ametoka kwake, amekaa kwa treni ya SGR masaa kama sita, afike Miritini, kumbe amekuja kusimama kwa jiko la mtu mwengine ambalo hata kisu hajui kiko wapi, wenzake wote wako baharini. Ya pili, kila mlo ni nje, watu kumi na wawili wavae, zitafutwe tuktuk, oda isubiriwe, mtoto ashalala na njaa yake, na baba anaisoma bili mara mbili mbili. Sasa hapo nani amepumzika?

Kazi yetu sisi ni kuja kwenu kupika. Tunakuja na sufuria zetu (hizi nyumba za kukodi sijui kwa nini zina sufuria za watu wanne na vyumba vya watu kumi), na siku tunaipanga kwa mlo mmoja mkubwa, wa mchana ama wa usiku, basi. Hiyo ingine ni matunda, chai na vilivyobaki. Disemba maembe ni mengi, boribo na ngowe, weka sinia mezani na watoto hawatakusumbua.

Asubuhi wengi wanataka mahamri na mbaazi za nazi, na hapa naomba tuelewane, mbaazi kavu zinalowekwa usiku, na unga wa mahamri unakandwa na tui na iliki halafu unaachwa uumuke, kwa hivyo ukitwambia saa moja asubuhi kwamba leo mnataka mahamri, mutakula mkate na mayai.

Samaki wa kupaka ndo wanaopendwa zaidi. Anachomwa kwa makaa kwanza, halafu anapakwa lile tui zito lenye ukwaju, anageuzwa, anapakwa tena, na wakati huo watu wamekaa hapo nje na viti wanapiga stori, hakuna anayeuliza tunaenda wapi. Tui la boksi lipo lakini sisi twakuna nazi, na watoto wa Nairobi wakiiona mbuzi ya kukunia nazi wanataka kuikalia wote, waacheni wakune, nazi mbili zatosha kilo ya mchele, wakimwaga kidogo si neno.

Ila wa likizo ya Agosti niwaambie mapema. Mwezi wa nane bado ni upepo wa kusi, bahari imechafuka, wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki sana, samaki wanaadimika na bei inapanda. Hapo twawashauri kuku wa kupaka, na samaki siku ile tu tukimpata mzuri sokoni. Disemba ni upepo wa kaskazi, hapo samaki kama changu na kolekole tunachagua.

Na si lazima mujifungie ndani. Jioni nendeni Mama Ngina, pale kando ya bahari, mule mihogo na madafu, viazi karai viko karibu kila mtaa, siku hiyo tukipika usiku tunapika kidogo. Nyanya akichoka na nazi anataka ugali na sukuma, apikiwe, asione haya kusema.

Bei ni ya siku na inategemea mko wangapi, pesa ya soko ni mbali, munatuma kwa M-Pesa na risiti ama hesabu yake munaipata jioni ile ile. Tupigieni angalau siku mbili kabla, Disemba wiki mbili, mutwambie watu wazima wangapi, watoto wangapi, nani hali pilipili na nani akila kamba anavimba.