Barua ya wazi kwa mbunge wetu kuhusu kuifuta SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Mimi ni mkaazi wa Likoni, nauza viazi karai jioni, na mamangu ni mgonjwa wa figo. Uchaguzi wa Agosti 2027 uko njiani, na panapokutana watu husikika neno lilelile: SHA ifutwe, turudi NHIF, ile bima ya afya ya zamani. Ni neno la kupigiwa makofi. Nakuomba usilichukue kabla hujasikia yaliyotupata mara ya mwisho sheria ilipofutwa.

Sheria ya NHIF ya 1998 iliondolewa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyounda SHA na kutiwa saini Oktoba 2023. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema hiyo mpya inakwenda kinyume na Katiba. Septemba Mahakama ya Rufaa ikaruhusu kazi iendelee, na tarehe 1 Oktoba SHA ikaanza. Muda wote huo sisi wenye wagonjwa hatukujua tubebe kadi gani.

Alhamisi ya wiki ile nilivuka feri na mama alfajiri kuwahi zamu yake ya kusafishwa damu. Hospitali ya binafsi tuliyoizoea ikatuambia NHIF imekwisha, na kwenye mfumo mpya jina lake halionekani, ingawa nilimsajili mwenyewe kwa simu. Tulipe taslimu au turudi. Mama alikuwa amevimba miguu hata kandambili hazimwingii. Nikatoa pesa za gunia la viazi na za mafuta, wenzangu wa chama cha akiba wakanijazia zilizopungua. Siku nne sikuwasha jiko.

SHA nayo ina ubaya wake, na mimi nauona kila mwaka. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara mwezi kwa mwezi. Mimi niliulizwa paa langu ni la nini, napikia nini, choo ni cha aina gani, kisha nikapangiwa shilingi 540 kwa mwezi. Haya, 540 nitaitafuta. Lakini natakiwa nitoe ya mwaka mzima kwa mpigo, 6,480! Muuza karai azitoe wapi zote pamoja? Wakati wa NHIF nilikuwa nikilipa 500 kila mwezi, na nikiweza. Sasa tunaambiwa upo mkopo wa kulipia bima. Deni silitaki, Mheshimiwa. Nataka kulipa kidogo kidogo, kama ninavyopata.

Hapo ndipo penye kazi yako. Kifungu cha malipo ya mwaka kinaweza kubadilishwa Bungeni, na mgonjwa asikose hata zamu moja. Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba sheria hii haitengenezeki. Basi waulize ile watakayoileta iko wapi, imeandikwa vipi, fedha zake zimetengwa wapi, na hospitali zipi zimeshatia saini mkataba. Wakikosa jibu, usiwape kura yako.

Mama huingia kwenye mashine Jumatatu na Alhamisi. Mkiamua kufuta, andikeni ndani ya sheria hiyohiyo ni nani atakayelipa Alhamisi ya kwanza.

Muuza karai,
Likoni, Mombasa