Kiongozi mwanamke katika tamthilia apewe kazi ya kufanya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie waandishi wa tamthilia za televisheni, pamoja na wale wanaozinunua, kuzitafsiri na kuzirusha hewani, kuhusu namna wanavyomchora mwanamke aliyeshika madaraka. Hapa Tabora, kama ilivyo katika miji mingi ya nchi yetu, tamthilia ndiyo inayowakusanya watu jioni: majumbani kwenye ving'amuzi, saluni, na katika vibanda umiza ambako vijana hulipa fedha kidogo ili watazame kazi za Korea, Uturuki, India, Ufilipino na Marekani. Yanayosemwa humo kuhusu wanawake huwafikia watu ambao hawajawahi kuhudhuria semina yoyote ya jinsia na pengine hawatahudhuria, na kwa sababu hiyo naona yanastahili kujadiliwa kwa uzito.

Sidai kwamba wanawake wenye vyeo hawaonekani. Wanaonekana sana, na idadi yao inazidi kuongezeka: mkurugenzi wa kampuni, waziri, mkuu wa upelelezi, malkia, mwenyekiti wa bodi aliyeachiwa mali na marehemu mumewe. Malalamiko yangu ni kwamba mwanamke huyu anapewa cheo lakini hapewi kazi. Tunaonyeshwa ofisi yake pana, gari lake, viatu vyake vikigonga sakafu huku wafanyakazi wakinyamaza anapopita, kisha mlango unafungwa na hatuambiwi alichokwenda kufanya humo ndani. Hatumwoni akisoma taarifa ya fedha na kugundua kasoro iliyomo, akibishana na wajumbe wa bodi hadi wamkubalie, akimfukuza mhasibu mwizi ambaye ni ndugu wa mbunge, au akichagua kati ya mambo mawili ambayo yote yana madhara. Mwanamume mwenye cheo hicho hicho, mara nyingi katika tamthilia hiyo hiyo, hupewa vikao, mikataba, wapinzani wenye akili na usiku wa kuwaza. Akianguka, huangushwa na uamuzi alioufanya mwenyewe, nasi watazamaji tunabaki tukijadiliana kama alikosea au la. Mwanamke huangushwa na kijana aliyempenda, na mtoto aliyemsahau, na wifi aliyemwonea wivu, au na mganga aliyempa dawa ya kumfunga mume. Hapo hakuna cha kujadili kuhusu uongozi, kwa sababu uongozi wenyewe haukuwahi kuonyeshwa.

Jambo linalonisumbua zaidi ya yote ni jinsi waandishi wanavyoeleza njia aliyopitia mwanamke huyo kukifikia cheo. Ni mara ngapi tumeona meneja mwanamke ambaye, ifikapo katikati ya msimu, inafichuliwa kwamba alipandishwa baada ya kulala na bosi wake wa zamani? Siri hiyo hutolewa kama silaha ya mwisho ya adui yake, watazamaji wakashangilia, na mwanamke akaondoka ofisini akilia na sanduku la vitu vyake mikononi. Bosi aliyedai ngono huwa ameshasahaulika, au ndiye anayeketi mezani kumhukumu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 25, inamtaja mwenye mamlaka anayedai au kulazimisha ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo au upendeleo kuwa ndiye mtenda kosa. Mwandishi anayeandika kisa cha namna hiyo ana jinai kamili mbele yake, yenye mkosaji, mwathirika, ushahidi na woga wa mashahidi. Ana kila kitu ambacho mwandishi mzuri angekitamani, lakini anakigeuza kuwa aibu ya mwathirika. Binti wa kidato cha sita anayetazama hapo anajifunza kwamba siku akipata cheo atatakiwa kueleza alikipataje, na kaka yake aliyeketi pembeni anajifunza kwamba yeye hataulizwa.

Suala la nyumbani linafuata mara moja. Kiongozi mwanamke wa tamthilia karibu daima hana mume, au ana mume anayedhoofika na kununa, au ana watoto walioharibika kwa kukosa malezi. Tabia hii si ya waandishi wetu peke yao. Wengi tunaikumbuka tamthilia ya Kimarekani ya 24, ambayo DVD zake zilitapakaa mitaani hadi jina la Jack Bauer likajulikana na watoto. Katika msimu wa saba, mwaka 2009, waliweka ikulu rais mwanamke, Allison Taylor, na mwigizaji Cherry Jones alimpa heshima kubwa. Hata hivyo tazama waandishi walivyomtendea: mwanawe wa kiume ameuawa, binti yake anakuja kuhusika na mauaji, na yeye anaposimamia sheria na kumkabidhi binti huyo kwa vyombo vya dola, ndoa yake inavunjika. Msimu uliofuata wakamfanya afiche ukweli ili kuokoa mkataba wa amani, kisha ajiuzulu. Nakiri kwamba katika tamthilia ile kila mtu aliteseka, marais wanaume wakiwamo. Lakini hakuna rais mwanamume aliyetozwa familia yake yote kama malipo ya kutenda haki.

Kinyume chake nimeona katika Borgen ya Denmark, iliyoanza kurushwa mwaka 2010, ambayo mhusika wake mkuu, Birgitte Nyborg, anakuwa waziri mkuu. Ndoa yake nayo inavunjika, na kwa hilo waandishi wake hawakuikwepa njia iliyozoeleka. Walichofanya tofauti ni kumweka kazini. Tunamwona akipatanisha vyama visivyopatana ili serikali isimame, akimpa mmoja wizara na kumnyima mwingine, akimpoteza rafiki kwa sababu ya muswada wa sheria, akikubali nusu ya alichokitaka kwa kuwa nusu nyingine isingepita bungeni. Mtazamaji wa Tabora asiyejua hata jina moja la chama cha Denmark anaielewa mivutano ile, kwa kuwa ni ile ile ya baraza la madiwani. Mwaka uliofuata, 2011, Denmark ilimpata waziri mkuu wake wa kwanza mwanamke, Helle Thorning-Schmidt. Sisemi kwamba tamthilia ndiyo iliyomchagua, kwani wapiga kura walikuwa na sababu zao. Ninachosema ni kwamba waandishi wale hawakusubiri waletewe mfano ndipo wafikirie kazi ya mwanamke kiongozi ingekuwaje.

Waandishi wetu hawana haja ya kufikiria kutoka patupu, maana mifano wanayo. Katika ukanda huu wa magharibi historia yenyewe inawangoja. Mirambo na Nyungu ya Mawe, watawala wawili wa ukanda huu kabla ya ukoloni, walifariki mwaka mmoja, 1884, na shuleni tunafundishwa sana kuhusu vita vyao. Ni wachache wanaokumbushwa kwamba dola ya Mirambo ilianza kusambaratika mara baada ya kifo chake, wakati utawala wa Nyungu huko Ukimbu, uliorithiwa na mwanamke, Mgalula, uliendelea kusimama, naye ndiye aliyelazimika kuamua la kufanya Wajerumani walipofika. Kigoma, huko Kasulu, Mwami (yaani chifu) Theresa Ntare aliongoza himaya ya Heru enzi za Waingereza, katikati ya machifu wanaume na maofisa wa kikoloni. Bibi Titi Mohamed alizunguka nchi akiwaingiza wanawake TANU, akaingia serikalini baada ya uhuru, akafungwa maisha katika kesi ya uhaini, kisha akaachiwa mwaka 1972. Katika maisha hayo kuna sehemu za kutosha misimu mingi, na karibu zote ni za maamuzi: azungumze wapi, amwamini nani, avunjane na nani.

Wala si historia ya mbali tu. Anne Makinda aliongoza Bunge kuanzia mwaka 2010 hadi 2015. Margaret Sitta aliongoza Chama cha Walimu Tanzania kabla ya kuwa Waziri wa Elimu, na baadaye wananchi wa Urambo wakamchagua kuwa mbunge wao. Mkoa wetu umewahi kuongozwa na wakuu wa mkoa wanawake, akiwamo Fatma Mwassa na Dkt. Batilda Burian. Tarehe 19 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais kwa mujibu wa Katiba, siku mbili baada ya kifo cha Rais Magufuli. Mtu anaweza kuwaunga mkono viongozi hawa au kuwapinga, na ni haki yake, lakini anapowapinga huwa anapinga bajeti, sheria, uteuzi au kauli zao. Mwananchi wa kawaida ameshazoea kumhukumu kiongozi mwanamke kwa kazi yake, ilhali mwandishi wa tamthilia bado anamhukumu kwa chumba chake cha kulala.

Nimewasikia wanaojibu kwamba tamthilia ni kioo cha jamii, na kwamba jamii yetu ni ya mfumo dume, basi mwandishi aonyeshe nini kingine? Jibu hilo silikubali. Anayetaka kuionyesha jamii kwa uaminifu aende akakae siku moja katika ofisi ya mtendaji wa kata aliye mwanamke, amtazame akisuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba, akidai takwimu za wanafunzi watoro, akipokea simu ya mkurugenzi wa halmashauri huku wazee wakimsubiri nje na wakimwita mama kwa heshima. Aende katika chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku chenye mwenyekiti mwanamke, asikilize anavyobishana kuhusu madaraja ya tumbaku na makato ya pembejeo. Dharau ataiona, kwa sababu ipo: wapo watakaomkatiza anapozungumza, na wapo watakaouliza mumewe anasemaje. Hiyo dharau iandikwe, na iandikwe kama kikwazo ambacho mhusika anakabiliana nacho kwa akili. Kinachofanyika sasa ni kwamba kamera yenyewe ndiyo inayomdharau, na dharau hiyo inawasilishwa kwetu kama ukweli kuhusu tabia yake.

Yapo pia ya watafsiri, ambayo wahakiki huyapuuza. Wale wanaosimulia filamu na tamthilia za kigeni kwa Kiswahili kwa ajili ya vibanda umiza ni mafundi wa lugha na nawaheshimu, kwani bila wao watu wengi wasingeelewa chochote. Lakini usimulizi wao huongeza mambo. Malkia anapotoa amri ya vita, msimulizi anaongeza kwamba huyu amekosa mume wa kumtuliza. Jaji mwanamke anapotoa hukumu, sauti inatuambia kwamba leo ameamka vibaya. Maneno hayo hayamo katika tamthilia yenyewe. Kuna wakati mwandishi wa ng'ambo amejitahidi kumjenga kiongozi mwanamke mwenye akili na msimamo, na jitihada yake ikabomolewa kwa sentensi moja ya kuchekesha kabla haijamfikia mtazamaji wa huku. Naomba wahusika walifikirie jambo hili, kwa sababu sauti zao zinaaminiwa na vijana.

Nisieleweke kwamba nadai wanawake watakatifu. Kiongozi mwanamke asiyekosea kamwe, mwenye huruma kwa kila mtu na hekima ya kutatua yote, ni mhusika mfu sawa na yule wa kwanza, na waandishi wanaodhani wametutendea haki kwa kutuletea malaika hawajatupunguzia mzigo. Nataka waziri mwanamke anayekula rushwa kwa sababu zinazoeleweka, kwa hesabu zinazoonekana, na anayekamatwa kwa kosa lake la kazi. Nataka mkurugenzi mkali ambaye ukali wake haufafanuliwi kwa kuachika, kama vile ukali wa mkurugenzi mwanamume usivyofafanuliwa kwa lolote. Nataka wanawake wawili wenye nafasi za juu wanaopingana kuhusu sera, na si kuhusu mwanamume. Huo nao ni uovu, udhaifu na ugomvi wa binadamu, na unamstahi mtazamaji.

Sipendekezi Bodi ya Filamu ipewe kazi ya kukata maonyesho haya. Bodi inayo mamlaka yake chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na udhibiti hauwezi kuandika kisa kizuri. Wenye uwezo wa kubadilisha hali ni watayarishaji wanaopitisha skripti, na vituo vinavyolipia. Kabla ya kupiga picha, mtayarishaji na aipitie skripti, afute kwa kalamu maonyesho yote ya kiongozi mwanamke yanayohusu mapenzi, ndoa na mavazi, kisha aangalie kama kuna onyesho lolote lililobaki. Pakiwa patupu, skripti irudishwe kwa mwandishi na alipwe muda wa kufanya utafiti. Kuajiri waandishi wanawake kutasaidia, ingawa peke yake hakutoshi, maana nimeona kazi za wanawake zikifuata mkondo ule ule kwa sababu kituo kimekwisha kusema kwamba hicho ndicho kinachouza.

Nawe Mhariri, kurasa zako za burudani zinatupatia habari nyingi za maisha ya waigizaji na kidogo sana kuhusu kazi zao. Naomba utenge nafasi ya uhakiki wa tamthilia, angalau moja kila wiki, na kila inapokuwa na kiongozi mwanamke ndani yake, mhakiki wako atueleze ni uamuzi gani wa kikazi tulioonyeshwa akiufanya na matokeo ya uamuzi huo yalikuwa nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wa siku nyingi,
Ipuli, Tabora.