Mwanangu, usiongeze pesa kwa hasira

Mwanangu mpendwa,

Nimepitia hesabu ulizonitumia. Akiba yako ya dharura nimeiweka kando, hiyo usiiguse hata soko lifanye nini. Zilizobaki ulizigawa hivi: shilingi 250,000 hisa, 150,000 hatifungani za serikali (pesa ulizoikopesha serikali kwa riba), 100,000 mfuko wa soko la fedha (mfuko unaokopesha pesa za wengi kwa muda mfupi). Hisa zimeshuka asilimia 40, zimebaki 150,000. Jumla sasa ni 400,000, na hisa ulizotaka ziwe nusu zimekuwa asilimia 37.5.

Ile fikira ya kukopa kwenye simu uongeze hisa za kampuni ile ile uliyo nayo tayari, nakusihi uiache. Kilichoshuka asilimia 40 lazima kipande karibu asilimia 67 ndipo kirudi kilipokuwa. Kwa mfano, hisa moja ya Safaricom ilikaribia shilingi 45 mwaka 2021, na kufikia mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15. Aliyenunua kileleni akabaki akingoja bei ipande mara tatu. Riba ya mkopo wa simu haingoji hivyo.

Kusawazisha ni jambo jingine: unarudisha ule uwiano uliopanga kichwa kikiwa kimetulia. Toa 20,000 kwenye mfuko wa soko la fedha, ununue hisa. Hisa zitakuwa 170,000. Kisha ile 10,000 unayoweka kila mwezi iende yote kwenye hisa kwa miezi sita. Bei zikikaa zilipo, utakuwa na hisa 230,000 kati ya 460,000, yaani nusu kamili, bila kuuza hatifungani hata moja.

Hatifungani nimeziacha kwa makusudi. Kwenye DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ya Kenya wa kununua na kutunza hatifungani, zinakwenda kwa mafungu ya 50,000, na ukiuza fungu moja leo utabaki na 100,000, robo tu ya mali yako, ilhali ulipanga asilimia 30. Tena riba za soko zikiwa zimepanda tangu ununue, mnunuzi huenda akakupa chini ya bei uliyonunulia. Riba yake ya kila miezi sita ikiingia, iongeze upande uliopungua.

Sasa kwenye hisa zenyewe ndiko kwenye tatizo. Karibu zote ni za kampuni moja, kwa hiyo pesa mpya isiende huko. Ieneze kwenye kampuni tatu au nne za biashara tofauti, benki isiwe zaidi ya moja. Na hiyo ya zamani, soma taarifa zake za mwaka: faida imeshuka kwa msimu mmoja, au deni linakua na gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, limekatwa? Kama ni deni, punguza hisa zake, hata kwa hasara. Faida ya kuuza hisa za Soko la Hisa la Nairobi haitozwi kodi, basi na hasara yake haikupunguzii kodi yoyote. Usiingize kodi kwenye uamuzi huu.

Usinunue vijisehemu kila wiki. Ada za dalali hufika karibu asilimia 2 kila unaponunua na kila unapouza, kwa hiyo usinunue na kuuza ovyo; kusanya miezi miwili ndipo uagize. Taja bei ya juu kabisa utakayolipa, maana hisa zisizouzwa sana hupanda ghafla kwa agizo moja tu.

Baada ya hapo kagua Juni na Desemba. Upande ukipotoka na uwiano uliopanga kwa chini ya pointi 5 za asilimia, uache.

Nitumie taarifa ya mwaka ya kampuni yako kabla hujampigia dalali. Nataka tuusome ukurasa wa madeni pamoja.

Mama