Mdogo wangu, kitoe kitambaa nje kwanza

Mdogo wangu mpendwa,

Mwanetu alinipigia simu juzi usiku akaniambia kwamba harusi imepangwa Mei, kwamba itafanyika huku huku Uingereza, na kwamba wewe umekwisha nunua yadi sita za kitambaa pale Kariakoo lakini hujaamua kishonwe nini. Hakuniomba nikuandikie. Nimeandika kwa sababu mimi ni mama yake mkubwa, na kwa sababu simu zangu unazipokea Krismasi na Pasaka tu, ilhali ukurasa huu najua unausoma: mwezi uliopita ulimsomea kaka yetu aya nzima niliyoandika kuhusu maharage, ukaikosoa neno kwa neno.

Nianze na hali ya hewa, kwa kuwa hiyo hainuni. Miezi ya Machi hadi Mei huku huitwa majira ya machipuko, na ukitazama picha za miti iliyofunikwa maua utadhani kuna joto la Tanga. Sivyo hata kidogo. Siku moja yaweza kuamka na baridi ya Lushoto, ikatoa jua la saa mbili, ikanyesha, kisha ikavumisha upepo wakati ule ule mnapopangwa kwa ajili ya picha. Kwa hiyo mwambie fundi akushonee gauni pamoja na koti lake, mikono ifike chini kidogo ya kiwiko, na koti ama liishie kiunoni penyewe ama literemke hadi sawasawa na pindo la gauni. Koti linaloishia katikati ya nyonga huchora mstari mahali ambapo sisi, watoto wa mama yule, hatuhitaji kuchorewa chochote. Visigino vyembamba viache nyumbani, maana picha hupigwa kwenye nyasi, na nyasi za majira hayo zimelowa. Nilimwona mama mmoja akitembea kiatu kikabaki nyuma yake kimesimama wima kama kigingi cha mbuzi.

Kuhusu umbo, usimruhusu fundi akushawishi kwa satini. Satini inang'aa, na kila kinachong'aa huonyesha mkunjo, mshono wa ndani na chakula cha mchana. Ikiwa ulichonunua ni krepu nzito yenye kuning'inia vizuri, umefanya la maana. Itiwe bitana hadi chini, shingo ikatwe kwa pembe badala ya duara, kwa kuwa kifua chetu kikizungushiwa duara hufanana na mto wa sebuleni, na mshono wa kiuno upande kidogo juu ya kiuno chenyewe, ambacho kwako na kwangu kilikwisha hama. Aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono. Ukienda kulijaribu, usisimame tu mbele ya kioo: kaa, inama, inua mikono yote miwili kama unayepiga vigelegele, kwa maana utavipiga. Na tarehe utakayompa fundi iwe wiki tatu kabla ya safari, kwa sababu unaijua "njoo kesho" ya mafundi kuliko mimi niliyekwisha isahau. Gauni ulibebe mkononi ndani ya ndege.

Sasa rangi, na hapa naomba usifunge ukurasa.

Kwa desturi ya hapa mama wa bibi harusi ndiye anayechagua rangi kwanza, kisha mama wa bwana harusi huarifiwa ili wasigongane. Wenzetu hupenda rangi zilizopauka kama peremende iliyonyonywa, na kwao zinafaa. Kwenye ngozi yetu nyingi hugeuka majivu. Wewe chagua iliyokolea, zambarau au komamanga. Lakini rangi yoyote utakayoipenda, usiiamini chini ya taa. Kitoe kitambaa nje, mchana, kishikilie karibu na uso wako kwenye jua, kisha kwenye kivuli, na mtu mwingine akutazame.

Mimi sikufanya hivyo. Gauni langu la harusi ya binti yangu nililinunua Novemba, baada ya kazi, na Novemba jua la huku limekwisha kuchwa saa kumi na moja jioni. Ningelitoa nje nikalitazame kwa mwanga upi? Taa za dukani zilikuwa za njano, na chini yake lile gauni lilikuwa na rangi ya samli, samli kabisa, hata muuzaji aliapa kwamba halina uhusiano wowote na nyeupe. Wala sikulinunua kwa fedha ya ovyo. Nililinunua kwa fedha ya mkaja. Mkwe wangu, Mwingereza yule, alipoelezwa na wazee kwamba mkaja ni kile kitambaa ambacho mama hujifunga tumboni baada ya kujifungua, na kwamba anayemchukua binti humrudishia mama kitambaa chake, alinyamaza kidogo kisha akaleta bahasha yenye pauni 200 na kuipokeza kwa mikono miwili bila kufundishwa. Nikasema fedha hii haitalipa umeme. Itanunua nguo.

Nawe uliiona nguo hiyo. Ijumaa usiku, chumbani kwangu, uliipiga pasi wewe mwenyewe, ukasifu mshono wa bega, na hukusema lolote.

Ndiyo maana siwezi kuisahau ile ngazi ya kanisa. Mawingu yalikuwa yamefunguka, jua la Aprili limenipiga kifuani, na nikaona nyuso za watu zikihama kutoka kwa bibi harusi kuja kwangu, kisha kurudi kwake. Nilielewa papo hapo, mdogo wangu, sikuhitaji kuelezwa. Ningeingia ndani nikachukua koti langu la mvua. Wewe ukatoa kanga kwenye mkoba, ukanizungushia kama mtoto aliyetoka kuoga, ukasema kwa sauti ya uwanjani, "Dada, jifunike, leo si siku yako." Waingereza hawakuelewa. Wetu waliokuwa pale, zaidi ya ishirini, walielewa, na mwanangu aliinamisha kichwa akatazama maua yake.

Hata huo weupe wenyewe, wanaoulinda huku uwe wa bibi harusi peke yake, una historia fupi. Malkia Victoria alipoolewa Februari 1840 na kuvaa nyeupe, maharusi wengi walikuwa wakivaa rangi yoyote ya nguo yao bora, na mtindo ulienea baada yake. Mama yetu alinisindikiza kwa doti mpya ya kanga yenye mji mweupe, wala hakuna aliyemtuhumu kwamba anataka kuolewa upya. Nayasema haya si kwa kujitetea.

Tena ingekuwa kanga nyingine! Katika picha zote za ukoo nimesimama katikati nimefungwa kanga nyekundu, na jina lake limepita kifuani pangu herufi kwa herufi: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Mama wa bwana harusi aliniuliza maneno yale yana maana gani. Nilimwambia ni dua ya kuwaombea maharusi maisha marefu, naye akaomba ayaandike kwenye albamu, na yapo mpaka leo, kwa mwandiko wake mzuri. Miaka mitatu nimejiuliza kama uliichagua kanga hiyo ulipofunga begi Dar es Salaam, au ndiyo uliyoikuta mkononi kwa sababu ya baridi. Sijawahi kukuuliza, na huenda ningekuuliza kwa simu kama watu wengine.

Wiki iliyopita nilibadilisha taa ya chumba kile, na ile ya zamani nilipoishika niliona kwamba nayo ilikuwa ya njano. Basi yawezekana Ijumaa ile nawe ulipiga pasi samli. Nimeliwaza hilo, na bado ile sauti ya kwenye ngazi naisikia.

Kata kipande cha kitambaa, upana wa vidole vitatu, umpe mwanetu atakapokuja likizo. Nitakitoa nje mchana nikueleze kinavyoonekana kwenye jua la huku. Kanga yako ninayo, nimeifua, sijaivaa wala sijaigawa. Na rangi ukishaiamua nijulishe mapema, mimi mwenyewe, si kupitia kwa kaka, ili nijue nisivae nini.

Dada yako.